Barua Inasema Amepumzishwa

Jumanne ya tarehe tisa, saa saba mchana, binti wa fundi viatu alizimia uwanjani akikimbizwa juani na shule ya binafsi, iliyomchukua bila ada kwa ajili ya mbio zake tu. Ijumaa, ndani ya basi, fundi, mgane wa miaka miwili, alimpa muuguzi aliyeketi kando yake barua ya shule. "Nisomee, dada. Mimi na maandishi hatusalimiani."

"Wanasema michezo yao ni salama, kaka, na mtoto amepumzishwa."

"Salama kwao. Mkuu wa shule hakimbii hata mvua."

Muuguzi alicheka kidogo, akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Basi likasimama, naye akainuka ashuke.

"Ngoja, dada. Amepumzishwa mbio, au amepumzishwa shule?"