Sabuni ya Eliaichi, Harufu ya Kila Nyumba

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kuanzia Suji kule juu milimani hadi Kihurio kwenye majaruba ya mpunga, hamjambo. Kama mnaweza kuacha kazi kidogo, acheni. Kama mnafua, endeleeni kufua, maana leo tunamkumbuka mtu wa kufua.

Tunamkumbuka Eliaichi Mchome wa Makanya. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Amezikwa Ijumaa huko Suji, alikozaliwa. Wengi mnamfahamu kwa sabuni yake ya maji. Aliitengenezea uani, kwenye ndoo ya bluu na mwiko wa mti, na kila nyumba aliitilia harufu yake peke yake. Hakuna nyumba mbili zilizonukia sawa.

Eliaichi alikulia karibu na ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ambayo maji yake hugawanywa kwa zamu. Maji ya mlimani ni laini, hayana chumvi. Mwaka wa themanini na nne akaolewa na Eliezeri, akashuka Makanya. Eliezeri alifanya kazi kwenye machimbo ya jasi. Alirudi mweupe toka nywele mpaka viatu, na Eliaichi alifua. Alifua miaka ishirini na saba, mpaka Eliezeri alipofariki.

Mwaka uliofuata alijiunga na kikundi cha akina mama, wakafundishwa kutengeneza sabuni. Mafunzo yalifanyika mlimani, kwa maji ya mlimani. Eliaichi akaandika vipimo kwenye daftari, akashuka navyo. Ndoo ya kwanza ikaharibika. Chumvi hutiwa mwishoni ili sabuni iwe nzito, lakini ikizidi, sabuni hurudi kuwa nyepesi. Na maji ya kisima cha Makanya yana chumvi yake tayari. Eliaichi alipoona nyepesi, akaongeza chumvi. Ikazidi kuwa nyepesi. Akaongeza tena.

Jirani yake Salama, anayeuza kanga kando ya barabara kuu, alikuja kuchungulia.

"Mama Dorkas," akasema, "hii sabuni yako inakimbia kuliko basi la Arusha."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha Salama akarudi dukani kwake, akaleta madumu mawili ya maji ya mvua aliyokuwa ameyatunza. Makanya ni pakavu, wasikilizaji. Mtu akikupa maji ya mvua, amekupa kitu. Ndoo ya pili ikakubali.

Sabuni wengi wanatengeneza. Kilichomtofautisha Eliaichi ni pua. Ukitaka sabuni yake, alikuja kwako kwanza. Alikunywa chai, akanusa nguo zako kwenye kamba, akakuuliza unataka nini. Salama alipoulizwa, alimfikiria mumewe, akajibu hivi:

"Nataka Baba Nassoro akipita bila kunitazama, ageuke."

"Na akishageuka?"

"Aulize chakula kiko wapi. Kuna lingine analojua?"

Eliaichi akamchanganyia udi na vanila kidogo. Lakini hakumpa siku hiyo. Alifua kwanza kipande cha kitambaa cheupe, akakianika juani, akakinusa kesho yake. "Ya kwenye ndoo usiiamini," alikuwa akisema. "Ngoja ikauke." Kamba yake uani ilikuwa imejaa vitambaa vidogo vyeupe, kila kimoja ni nyumba ya mtu.

Na mafuta yake ya manukato aliyahifadhi kwenye chupa za dawa ya kikohozi, zote za aina moja, zaidi ya ishirini. Hakuandika kitu juu yake. Binti yake, Dorkas, alimwambia mara nyingi, "Mama, bandika hata karatasi." Eliaichi alimjibu, "Mtoto wako utambandika karatasi ili umjue?" Alifungua kizibo, akanusa, akajua. Narudia kwa wanaofungua redio sasa hivi: chupa zilifanana zote, na hazikuandikwa.

Kuna mzee mmoja wa Makanya, Abdulrahmani, fundi cherehani. Mkewe alipofariki, alikuja kwa Eliaichi na kanga ya marehemu ndani ya mfuko wa nailoni. Hakutaka ifuliwe. Alitaka sabuni ya kunukia hivyo, ili shuka zake zinukie hivyo. Eliaichi alinusa kanga ile wiki tatu. Mdalasini aliupata siku ya kwanza. Ndimu siku ya nne. Kilichobaki kilimsumbua, mpaka akagundua ni karafuu, punje moja tu, ile ambayo marehemu alikuwa akiitafuna asubuhi. Siku alipompelekea mzee kitambaa kikavu, Abdulrahmani alikinusa, akakaa kwenye ngazi ya mlango, na hakuondoka pale mpaka adhana. Eliaichi alikaa naye. Malipo hakuyataka.

Hiyo ndiyo pua tunayoizungumzia.

Mwaka wa elfu mbili ishirini na moja Eliaichi aliugua. Homa kali, siku kumi. Salama alimpikia uji siku zote kumi, akauacha mlangoni, akagonga, akarudi nyuma hatua kadhaa kusubiri amwone akiuchukua. Siku ya kumi na moja homa ikaondoka. Eliaichi akachemsha chai ya tangawizi, ile ya kwetu inayochoma koo. Akaisogeza puani. Hakusikia kitu. Akanusa kitunguu. Kitu hakuna. Akaingia stoo, akafungua dumu la mafuta ya taa, akainamisha kichwa hadi kwenye mdomo wa dumu. Hakuna.

Daktari alimwambia asubiri, wengine hurudiwa baada ya miezi. Akasubiri. Wengine walirudiwa. Yeye hakurudiwa. Narudia, wapendwa: pua yake haikurudi kamwe.

Alimwambia Dorkas peke yake. "Usimwambie mtu," alisema. "Itarudi. Na isiporudi, vipimo ninavyo kichwani."

Vipimo alikuwa navyo, lakini zile chupa zilikuwa ishirini na kitu, na hazikuandikwa. Alijaribu kuzitambua kwa rangi. Alizitikisa, akatazama mafuta yanavyoshuka kwenye kioo. Udi ni mzito, na vanila ni nzito. Mchaichai ni mwepesi, na ndimu ni nyepesi. Angeweza kumwita Dorkas amnusie, lakini Dorkas ameolewa Same mjini, ana watoto wadogo, na mama hakutaka kuwa mzigo. Akakisia. Akachanganya. Akaanika vitambaa vyake kama kawaida. Kesho yake alivisogeza puani kwa mazoea, akavirudisha.

Oda ya kwanza ilikuwa sabuni ya kufulia sare za kwaya ya Kilutheri, ambazo siku zote zilinukia mchaichai. Jumapili, kwaya iliposimama, safu ya mbele ya washarika walianza kutazamana. Mwenyekiti wa kwaya, Melkizedeki, alivumilia mpaka ibada ikaisha. Nje ya kanisa akawakusanya.

"Jamani," akasema, "sisi ni kwaya au ni pilau?"

Iliki na karafuu, wasikilizaji. Sare thelathini. Walicheka, nani asingecheka? Mmoja akasema leo hata mchungaji alihubiri akiwa na njaa. Lakini Melkizedeki aliacha kucheka mapema kuliko wenzake. Alikumbuka kwamba Eliaichi ametoka kuugua. Jioni alikwenda kwa Salama. Salama naye alikuwa na dumu lake jipya, na nguo za Baba Nassoro zilikuwa zikinuka kama dawa ya kuchua. Wakaelewa kwamba pua ya Eliaichi imekwenda.

Salama ndiye aliyeamua. "Ana nini kingine yule mama?" alisema. "Atakayemwambia, mimi na yeye salamu basi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Makanya ilinyamaza. Na sisi tunavyolelewa, nani angemwambia mama wa umri ule kwamba kazi yake imeharibika? Waliendelea kununua. Waliendelea kumsifu. Wakifua kwa sabuni yake, walisuuza mara ya pili, na mara ya tatu, ili harufu itoke. Fikirini, wapendwa. Mahali ambapo ndoo ya maji husukumwa kwa baiskeli kutoka mbali, watu walimwaga ndoo mbili zaidi kila wiki ili mama mmoja asijue. Nimeishi miaka mingi, na sijui kama nimewahi kuona wema mkubwa kuliko huo. Wala sijui kama ulimsaidia.

Ilikuwa hivyo miaka miwili. Eliaichi aliamini. Alimwambia Dorkas kwenye simu, "Unaona? Mkono unajua njia hata bila pua."

Kisha mzee Abdulrahmani akaugua miguu, na Eliaichi akaenda kumjulia hali. Alimkuta amelala kwenye mkeka, Salama yuko jikoni anampikia uji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Aliposukuma mlango ili apate pa kukaa, mlango uligota kwenye kitu. Akachungulia nyuma yake. Madumu kumi na moja. Madumu yake, yamefungwa kwa uzi wake mwekundu, hayajafunguliwa hata moja.

"Mzee, hizi si sabuni zangu?"

"Ni zako."

"Mbona hujatumia?"

Salama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Anaweka akiba, Mama Dorkas. Wazee si unawajua?"

"Akiba ya miaka miwili?"

Hapo Abdulrahmani akasema. Alisema polepole, na Dorkas anasema mama yake alimsimulia maneno yale mara nyingi, bila kubadilisha hata moja. "Mwanangu, mashuka ya hapa bado yalikuwa na harufu ya marehemu kidogo. Niliogopa sabuni yako ya siku hizi ingeifuta."

Eliaichi alimgeukia Salama. "Nani mwingine anajua?"

Salama alitazama mwiko. "Makanya nzima, dada yangu."

Eliaichi hakulia mbele yao. Alimshika mzee mkono, akamwombea heri, akamshukuru Salama kwa uji anaompikia mgonjwa. Kisha akaenda nyumbani, akavitoa vitambaa vyote kwenye kamba.

Salama alimfuata kesho yake. "Mimi nitakuwa pua yako," akamwambia. "Wewe changanya, mimi ninuse nikuambie." Wakabandika karatasi kwenye chupa zote ishirini na kitu, Salama akinusa, Dorkas akiandika. Dorkas anasema ile siku alipata matumaini. Walichanganya ya kwaya. Walifua kitambaa, wakaanika, wakangoja kikauke. Salama akanusa.

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, Mama Dorkas. Mchaichai mtupu. Wallahi ni nzuri."

Eliaichi alimtazama. "Mwaka jana pia ulisema wallahi?"

Salama akakirudisha kitambaa kwenye kamba. Ilikuwa nzuri kweli, wasikilizaji. Dorkas naye aliinusa, naye akasema ni nzuri. Kwaya ilichukua sabuni, ikafua, Melkizedeki akaja mwenyewe na sare mkononi kusema zimenukia kama zamani. Kadiri walivyosema ni nzuri, ndivyo Eliaichi alivyozidi kunyamaza. Alimwambia binti yake hivi, na haya ni maneno yake: "Waliponidanganya niliwaamini. Sasa wanasema kweli, na mimi siwezi kuwaamini. Nitafanyaje kazi?"

Hakufanya. Ndoo ya bluu aliigeuza, akawa anaikalia. Salama aliendelea kuja kila siku na chai, wakakaa pamoja, wakazungumza habari za watoto na bei ya mahindi. Eliaichi alimpenda Salama mpaka mwisho. Lakini akipewa chai aliitazama, kisha akamtazama Salama, ndipo akanywa.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba. Dorkas akahamia Makanya kumuuguza, watoto akawaacha kwa baba yao. Watu walikuja wengi. Kila aliyeingia alisema, "Leo una nafuu, mama, uso umerudi." Eliaichi aliitikia, "Asante." Alikuwa na adabu yake ileile.

Jumatatu, siku moja kabla, wageni walipokwisha kuondoka, alimwita Dorkas karibu.

"Humu ndani kunanukaje?"

Dorkas anasema alifungua mdomo kusema kunanukia vizuri. Alikuwa amebadilisha mashuka asubuhi, amedeki. Lakini alimwona mama yake anavyomtazama. Akakaa kitandani.

"Kunanuka dawa, mama. Na mkojo. Na jasho lako. Nimefungua dirisha lakini haitoki."

Eliaichi alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu kwa pua, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye chupa zake. Hakusikia kitu, bila shaka.

"Hiyo naiamini," akasema. "Asante, mwanangu."

Akalala. Jumanne asubuhi hakuamka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunawapa pole Dorkas na ndugu wote wa ukoo wa Wachome kule Suji. Tunampa pole mzee Abdulrahmani, ambaye miguu haikumruhusu kupanda mlima kuzika. Tunampa pole Melkizedeki na kwaya yake. Na wewe Salama, najua unasikiliza hapo dukani. Pole sana, mwanangu. Uliyoyafanya uliyafanya kwa upendo, na yeye alijua. Alijua pia kwamba upendo huo ulimchukulia kitu ambacho hamkuweza kukirudisha, wewe wala yeye. Siwezi kukuambia vingine leo, maana wewe ungejua mara moja kwamba nakudanganya ili kukupoza.

Nanyi mnaonisikiliza, mfikirieni mtu mmoja nyumbani kwenu. Yule anayekuuliza, "Hii ikoje?" na wewe unajibu haraka, "Nzuri." Mfikirieni huyo. Sina la kuwashauri. Naomba tu tunyamaze pamoja kwa dakika moja, kwa ajili ya Eliaichi Mchome wa Makanya, mtengeneza sabuni.