Dulali Chitrakar, Aliyemnyima Bhagirath Mboni

Marehemu Dulali Chitrakar alikuwa binti wa Haripada, aliyewatia mboni marehemu wa vijiji arobaini. Mjukuu wa Tinkari, aliyevuka mto Mayurakshi wakati wa mafuriko na bunda la picha kichwani, akalifikisha kavu. Kitukuu wa Ishwar, aliyeitwa na wazee wa kabila la Wasantali kabla majivu ya maiti hayajapoa. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtaa wa wachoraji wa Kendghata, wilaya ya Dumka, mtoto wa kwanza wa Haripada na Lokhi.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la nne. Aliondolewa kwa kumchora mwalimu wa hesabu ubaoni, amesinzia, udenda unamtoka. Haripada aliitwa. Akautazama ubao kwa muda, akasema, "Mwalimu, kosa liko wapi? Udenda ni wenyewe kabisa." Basi Dulali akabaki nyumbani kusaga rangi za masizi, manjano na majani ya maharagwe, na baba yake akamshikisha brashi ya manyoya ya mbuzi, ingawa kwetu brashi ilikuwa ya wanaume.

Kazi yetu inajulikana. Mtu akifa, mchoraji humchora bila mboni za macho, akapeleka picha kwa wafiwa, nao wakitoa ujira huzitia. Mpaka mboni zitiwe, marehemu hutembea huko aliko akijikwaa. Hata sisi wachoraji hatukwepi; mwosha huoshwa.

Haripada aliumwa na nyoka, akafariki tarehe 9 Agosti 1968. Aliacha picha ndefu ya asili ya watu, ya kuonyeshwa huku ikiimbwa, vipande kumi na kimoja vilivyoshonwa pamoja, toka mabata bukini wawili wa mwanzo hadi ngoma ya kwanza kuchezwa duniani. Hata arobaini haijafika, mdogo wake Bhagirath aliikata kwa mkasi, akauza kimoja kimoja kwa watu wa mijini, akarudi na baiskeli mpya. Dulali, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa amemzuia mlangoni.

"Baba mdogo, hiyo inaimbwa mwanzo hadi mwisho. Ukiikata umeua wimbo."

"Nani siku hizi ana ukuta wa kutosha picha ndefu? Hebu nipishe. Nenda kasage rangi."

Alikwenda akasaga. Kusahau, hakusahau.

Tarehe 22 Februari 1971 aliolewa na Madan, mwimbaji hodari na mchoraji mbovu kupindukia. Ng'ombe wake walidhaniwa mbuzi. Walielewana. Mke alichora ndani, mume akaimba nje na kusifiwa kwa yote mawili. Madan alipofariki mwaka 1986, Dulali alijitwika bunda mwenyewe. Wanaume wakamzomea njiani: "Mwanamke kabeba picha! Sasa mwanamume abebe mimba?" Akawajibu bila kusimama, "Abebe, labda akili itakuja nayo."

Bhagirath alikufa tarehe 3 Desemba 1994. Wanawe walikuwa madereva wa malori, brashi hawaijui, na wachoraji wote wa mtaa walikataa kumchora. "Huyo ni wa Dulali," walisema. Nimai, mwanawe mkubwa, akaja na mbuzi na chungu cha shaba. Dulali akamchora Bhagirath vizuri mno, hata chunjua la shingoni.

"Dada, umesahau mboni."

"Mimi huwa sisahau."

"Mzee anajikwaa huko!"

"Ajikwae. Nataka vipande vyangu kumi na kimoja."

"Sasa mtu amekufa, atavileta vipi?"

"Wewe si una lori?"

Nimai akarudi na mbuzi wake.

Kipande cha kwanza Nimai alikipata mwaka 1996, ukutani kwa fundi cherehani wa Rampurhat. Kingine kilitoka kwa daktari wa meno, Asansol. Dulali alivishona juu ya sari yake ya harusi. Mwaka 2007 Nimai alileta cha kughushi. Dulali akakinusa, akasema, "Hii rangi ya kopo," kisha papo hapo akachora jiwe mbele ya miguu ya Bhagirath. Hakuletewa cha uongo tena. Kufikia 2019 vilikuwa tisa, na watoto wa shule walikuja kuisikia picha ikiimbwa. Penye pengo aliukatiza wimbo, akawaambia: "Hapa alipita Bhagirath na mkasi. Haya, semeni jina lake." Watoto wakalisema kwa sauti.

Aliugua kifua toka Juni 2023, akalazwa Dumka mara mbili. Mkwe wake Shefali alimsihi, "Mama, si umsamehe sasa?" Akasema, "Nimeshamsamehe mara tisa. Bado mbili." Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mwanawe Ratan, mkwewe Shefali, binti yake Minoti, wajukuu watano, na mdogo wake Bishakha. Ameacha pia Nimai, ambaye yupo pale nyuma. Hatumfukuzi, kwa maana ana safari. Picha ya Dulali imechorwa na Shefali, na mboni zimetiwa leo asubuhi, mbili, nyeusi tititi.

Siku moja kabla ya kufariki alimkabidhi Shefali brashi na picha ya Bhagirath. "Nimai akikileta cha mwisho," alisema, "usimcheleweshe hata saa moja. Mtie mzee wake mboni, tena nzuri. Kabla ya hapo, hata alie, hata alete ng'ombe, usichovye brashi."

Shefali alipokea kwa mikono miwili.

Dulali alale kwa amani, akiona. Bhagirath angoje.