Pius Chenge, Samaki Wake wa Diskasi na Binti Akelo

Padre, wazee wetu, majirani wa Mabatini na ndugu mliovuka kutoka Kamanga, shikamooni. Mimi ni Odeta, kitinda mimba wa Mzee Chenge. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu Pius kwa sababu, wanasema, silii hovyo. Tutaona. Lakini kwanza niseme wazi lile ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye matanga tangu juzi. Ukoo haukukubaliana kama Akelo, binti aliyekaa hapo mbele na mjane, Mama Ng'washi, asomwe leo kama mtoto wa marehemu au kama yatima aliyehifadhiwa tu. Nitafika huko, msinikimbize.

Marehemu Pius Nkwabi Chenge alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 katika kijiji kilicho juu kidogo ya gati la Kamanga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Chenge na Mama Kija. Wa kwanza ni kaka yetu Mayala, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na mwenyeji wetu hapa Buhongwa. Mama alikuwa akisimulia kwamba Pius alichelewa kusema, na alipoanza kusema hakuona sababu ya kuongeza mwendo. Chakula alikula vivyo hivyo. Sisi tulikuwa tunanawa mikono yeye bado anapuliza tonge la kwanza.

Alisoma shule ya misheni kijijini, kisha shule ya kati, akamaliza darasa la nane mwaka 1962. Mwaka 1966 aliajiriwa hapa Mwanza katika kiwanda cha umma cha kukamua mafuta ya pamba, akawa fundi wa boila kwa muda wote uliobaki wa kiwanda hicho. Kazi yake ilikuwa kuangalia joto lisipande wala kushuka. Aliipenda kupita kiasi. Hata chai ya nyumbani aliishika kikombe kwanza kwa viganja viwili, akatafakari, ndipo akanywa.

Tarehe 21 Julai 1973 alifunga ndoa na Ng'washi, binti wa watu wa Magu. Hawakupata mtoto. Nalisema hapa mbele ya watu kwa sababu limesemwa sana nyuma ya migongo yao. Vikao vya kumshauri aoe mke mwingine vilikaa, mimi mwenyewe nilipika chakula cha kimojawapo. Pius alisikiliza kila mzee mpaka mwisho, akashukuru, akapanda kivuko akarudi kwa mke wake. Mara ya nne wazee walichoka wenyewe.

Mwaka 1993 kiwanda kiliuzwa na kaka akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Alipata kibarua cha kulinda nyumba ya mgeni mmoja aliyekuwa akisafirisha minofu ya sangara kwenda nje. Mgeni huyo alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na ndani yake samaki wa diskasi, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini. Ni samaki bapa, wa duara kama sahani, wenye michirizi ya buluu na ya rangi ya machungwa. Alipofunga biashara mwaka 1994 na kuondoka, alimwachia Pius tangi na samaki wake sita. Mama Ng'washi aliuliza kama wanaliwa. Alipoambiwa hapana, aliuliza sasa wa nini.

Hapo ndipo kaka alipofanya kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu. Aliona si heshima wageni waliotoka mbali wakae peke yao bila mwenyeji wa kuwaonyesha maji. Basi alikwenda Kamanga, akakamata furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye mawe, furu wazuri wenye afya, akawatia humo ili wawapokee wageni. Furu ni wachangamfu na wana haraka, mnawajua. Chakula kikidondoka, diskasi bado anajigeuza kukitazama, furu wamekwisha kukimaliza. Wakaanza na kuwang'ata mapezi. Diskasi wakawa weusi, wakajikusanya kwenye kona na kuacha kula kabisa. Wanne walikufa. Kaka aliwazika nyuma ya nyumba, na wiki nzima alitembea kama aliyefiwa. Mimi nilimcheka, na yeye alinisamehe.

Furu aliwarudisha ziwani, hakuwalaumu. Akaanza kujifunza upya. Alijua kwamba diskasi hutaka maji ya moto kuliko ya ziwa letu, yanayokaribia joto la mwili wa mtu, na hapo fundi wa boila alikuwa nyumbani kwao. Maji ya bomba aliyalaza kwenye ndoo mpaka dawa itoke, akayachanganya na ya mvua, akawabadilishia kidogo kidogo kila siku badala ya kungoja yachafuke. Wenzao wa kukaa nao aliwachagua kwa makini kuliko wazee wanavyochagua mchumba. Lazima wavumilie joto lile, wawe wapole, wasiwe na pupa, na wasiwe wadogo kiasi cha kumezwa. Dereva wa basi la Nairobi alimletea visamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu, na wengine wenye ndevu, ukubwa wa kidole gumba, wanaookota makombo chini. Hao nao hakuwatia tangini siku ile. Aliwaweka kwenye beseni lao peke yao zaidi ya mwezi, awaone kama hawana ugonjwa.

Mgao wa umeme ulipotukuta, alijaza maji ya moto kwenye chupa na kuziacha zielee tangini, kisha akalifunika tangi lote kwa blanketi. Blanketi lenyewe lilikuwa la ndoa. Mama Ng'washi alinijia analalamika kwamba yeye analala na kanga samaki wanalala na blanketi. Lakini nilipokwenda kuona, yeye ndiye aliyekuwa jikoni anachemsha yale maji.

Wale diskasi wawili waliobaki walikuwa dume na jike. Mwaka 1996 walitaga kwenye chungu alichowawekea. Watoto walipoanza kuogelea, walijibandika ubavuni mwa wazazi wao wakila ute wa ngozi. Mama akichoka, hujikung'uta, na baba huwapokea watoto wote mwilini mwake. Mama Ng'washi alikaa mbele ya kioo mpaka uji ukaungua. Akasema, "Kumbe hata baba ananyonyesha."

Mwaka huohuo jirani yao Sharon, aliyekuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara wa viwandani, pale Mabatini, alifariki. Alimwacha Akelo, mwenye miaka sita. Baba yake, Otuoma, mvuvi wa Mara, alikuwa ametangulia zamani. Wajomba wa mtoto walikuja kutoka Shirati, wakaangalia hali zao, wakakubali abaki Mwanza kwa Pius na Ng'washi. Kaka Mayala alishauri mtoto alelewe penye watoto wenzake, akamchukua kwake hapa Buhongwa. Alifanya hivyo kwa moyo safi kabisa, na nataka alisikie hilo kutoka kwangu.

Pius alikuja kumwona Jumapili moja wakati wa chakula. Watoto wa nyumba hii ni wachangamfu, na sinia lilikuwa moja. Akelo alikuwa bado anapuliza tonge. Sinia lilipoondolewa, alikuwa amekula hilo moja. Alikuwa amekonda, amenyamaza, anakaa kwenye kona. Kaka alilitambua jambo hilo mara moja, maana alikwisha kuliona.

"Kaka, watoto wako hawana kosa," alimwambia Mayala. "Huyu anakula taratibu. Nipe nikae naye mimi."

Akaondoka naye jioni ile. Kaka Mayala aliumia sana, alihisi ameambiwa nyumba yake inanyima mgeni chakula, na tangu siku hiyo maneno kati yao yakawa machache. Kule Mabatini hakuna aliyemlazimisha mtoto kuongea wala kucheka. Walikula watatu, polepole, wakati mwingine mpaka ugali ukapoa. Baada ya miezi kadhaa alimwita Ng'washi mama, akiwa anamwomba chumvi tu.

Mwaka 1997 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka huu figo zikashindwa. Alilazwa mwezi Oktoba. Kaka Mayala alipokwenda kumwona, alimuuliza anamwachia nani jina lake. Pius alisema, "Akelo amekwisha kula?" Alifariki Jumatano tarehe 11 Novemba 1998, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mnaona, nalia.

Katika ukoo wetu mjane na watoto wa marehemu hunyolewa kabla mwili haujatoka nyumbani, na wembe hushikwa na mkubwa wa ukoo. Leo asubuhi kaka Mayala alimnyoa Mama Ng'washi, akaosha wembe. Nilisimama mlangoni nikiwa tayari kugombana mbele ya jeneza. Akelo alikuwa mkekani pamoja na watoto wengine. Kaka hakunitazama. Alivuta kigoda, akasema, "Akelo, njoo ukae hapa. Wewe ndiye uliyefiwa na baba." Alimnyoa taratibu sana, na alipomaliza alimfuta nywele shingoni kwa leso yake mwenyewe.

Ratiba mlizoshika zilichapwa Alhamisi, tukiwa bado tunavutana, kwa hiyo mstari wa watoto uko wazi. Mwenye kalamu aujaze sasa. Marehemu ameacha mjane, Ng'washi, kaka, Mayala, dada, mimi Odeta, shemeji, wapwa na majirani wengi, na mtoto mmoja, Akelo Pius, wa darasa la pili. Mungu amlaze kaka yetu pahali pa utulivu.

Akelo, simama mwanangu, watu wamwone mtoto wa Pius.