Immaculée, Mkunga Aliyekula Kwanza

Wapendwa mliokuja kulia nasi, mimi Godelieve, mdogo wa marehemu, ndiye niliyetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, yaya Immaculée, na nitasema pia jambo moja ambalo familia haikuliandika.

Alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Mei 1961, wa kwanza kati ya watoto sita, akasoma shule ya msingi palepale, akajifunza ukunga mjini Fizi, na tangu Januari 1983 akazalisha bamama wa mji wa Baraka. Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na Bonaventure, mvuvi, Mungu akawajalia watoto watano, wote wako hapa.

Agosti 1998 vita ilipotukimbiza milimani, tulikuwa zaidi ya watu mia, muhogo wetu ukipikwa kwa sufuria moja, na huko yaya alinitia aibu, kwa maana kila mchana alijipakulia kwanza, akala sahani yake yote bila kumwangalia mtu, akalala saa nzima, na ole wake aliyemgusa. Wakunga wenzake, Solange na Anastasie, waliwagawia watoto chakula chao chote, tukawasifu kweli kweli. Nikamwita yaya mchoyo mbele ya watu wote, naye akanijibu kwa upole, «Nikianguka, nani atabapokea bale batoto benye kuzaliwa?»

Kufika Oktoba, Solange na Anastasie hawakuweza hata kusimama. Tarehe 3 Novemba tukaambiwa kuna mama, Fanny, ameshikwa na uchungu ng'ambo ya vilima viwili, mtoto amekingama tumboni, na yaya akaondoka asubuhi kwa miguu, akafika alasiri, akamgeuza mtoto kwa mikono yake, wote wawili wakapona. Aliporudi akawalisha wenzake wale uji kijiko kwa kijiko, bila kuwakumbusha neno. Watoto arobaini na mmoja aliwazalisha milimani, na hakufiwa na mama hata mmoja, Mungu wangu, hata mmoja!

Novemba 2002 alishikwa na ugonjwa wa ini, akatutoka hapa Baraka tarehe 9 Februari 2003, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari, majirani, na wakunga wenzake waliomwogesha.

Sikuwahi kumwomba msamaha, kila mara nilisema kesho. Naomba leo, mbele yenu mliosikia nikimtukana: yaya wangu hakuwa mchoyo, mimi ndiye niliyekosa akili.

Pumzika kwa amani, yaya.