Nereida Fundora, Aliyemfundisha Fermín Ngoma

Wasikilizaji wapendwa, leo mji wetu wa Matanzas una msiba. Nereida Fundora ametutoka, akiwa na miaka sabini na tisa. Mpiga ngoma. Mwalimu wa ngoma. Nasema mwalimu makusudi, maana wako waliomwita mshonaji.

Alizaliwa hapa hapa, mtaa wa La Marina. Enzi hizo msichana akigusa ngoma alichapwa viganja. Nereida akajifunza kwa kusikiliza ukutani kwa jirani, huku akigonga droo ya kabati. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, Fermín. Yeye ndiye aliyemfundisha kupiga. Shikeni hapo, wapendwa: Nereida ndiye aliyemfundisha Fermín.

Wakaanzisha kikundi pamoja. Kikavuma. Ukaja mwaliko wa Mexico, na wakaguzi wa safari wakafika uani kuwasikiliza. Mmoja akauliza, "Na huyu bibi anapiga nini?"

Fermín akacheka. "Huyu? Dada yangu huyu. Anatushonea mashati."

Nereida alikuwa ameketi papo hapo, ngoma katikati ya magoti. Alidhani ni mzaha, akangoja aumalizie. Hakuumalizia. Wanaume wote wa kikundi, aliowafundisha yeye, wakatazama chini. Ndege ikaondoka bila yeye.

Jirani yake, Edelmira, anakumbuka: "Hakulia. Alikokota ngoma hadi barazani, akawaita mabinti wa mtaa. 'Njooni! Anayemwogopa mama yake abaki kuosha vyombo!'"

Akafundisha mabinti maisha yake yote. Ukipiga kwa woga alikufokea, "Wewe, unaipiga hiyo ngoma au unaiomba msamaha?"

Fermín naye alipata sifa na tuzo. Kila alipoulizwa nani alimfundisha, jibu lilikuwa moja: "Mtaa." Nereida alimsikia redioni, akaizima.

"Kumbe mimi ndio mtaa," akamwambia Edelmira. "Mtaa ulimpikia. Mtaa ulimwogesha. Mtaa ulimfuta kamasi!"

Baadaye Fermín alimleta binti yake, Yanisel, afundishwe. Nereida alimpokea mtoto. Fermín akazuiwa mlangoni.

"Huyu nitamfundisha. Wewe, siku utakayonitaja mbele za watu, ndipo utakunywa kahawa kwangu."

Hakumtaja. Kahawa hakuinywa.

Jana makaburini, Fermín alinyoosha mkono apewe ngoma ya kuongoza. Yanisel akaivuta kwake.

"Sema kwanza, baba. Nani alikufundisha?"

Fermín akavaa kofia yake, akaondoka, na Yanisel mwenyewe akampigia shangazi yake ngoma.

Yanisel, Edelmira, na mabinti wote wa baraza ile: poleni sana. Nawe Fermín, pole. Umefiwa na dada.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, yule aliyekushika mkono ukaijua kazi inayokulisha, kama yu hai, mtaje leo. Si pembeni. Mtaje watu wasikie.

Mimi namtaja wangu. Kabla sijashika kipaza sauti hiki nilikuwa binti wa barazani pale. Aliyenifundisha kutoogopa sauti yangu ni Nereida Fundora.