Nesi Chizuru na Mkono Usiotetemeka

Tarehe 31 Machi Nesi Chizuru Sugawara anastaafu, akiwa ametimiza miaka arobaini kamili katika wodi ya kisukari ya hospitali yetu hapa Sakata, Japani. Jarida la hospitali lilitaka mtu wa jikoni aandike habari zake. Mimi, Umeno, nilipika uji wa wodi hiyo hadi mwaka 2003. Kwamba mimi ndiye niliyemzaa, hiyo ni bahati ya jarida.

Alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba kama kijiti cha kulia wali. Wiki ya kwanza alimwaga ndoo nzima ya supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, miguuni pa daktari mkuu, akapiga deki mwenyewe bila chozi. Sindano zake haziumi, waulizeni wagonjwa. Amefundisha manesi zaidi ya sitini, na wawili kati yao sasa ndio mabosi wake.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile la Fundi Togashi, kinyozi aliyekuwa akija kila Jumatano kuwanyoa wagonjwa wetu bure. Naye alikuwa na kisukari. Dukani kwake alikuwa akijichoma insulini kabla ya chakula cha mchana, mara mteja anaingia, na kumwacha mteja asubiri ili wewe ule ni aibu. Chakula kinabaki kimefungwa kwenye kitambaa, sukari inashuka. Ikawa hivyo karibu kila siku.

Mwanzoni alitetemeka na kutoka jasho, akajua ale. Baadaye hakutetemeka tena. Akajisifu kwamba mwili umezoea, na daktari akamsifu kwa vipimo vizuri.

Jumatano moja Chizuru alimwona akipaka povu shavu lilelile mara ya tatu, wembe mkononi, mkono umetulia kama jiwe. Akauchukua wembe taratibu, akampima. Sukari ilikuwa arobaini na moja, nayo kwa vipimo vyetu haitakiwi kushuka chini ya sabini. Mtu wa kuanguka wakati wowote, na koo la mgonjwa liko chini yake.

Fundi alinuna. “Mkono wangu hautikisiki, nesi. Unataka kinyozi gani tena?”

“Hicho ndicho kinachonitisha, Fundi. Zamani ulikuwa unatetemeka.”

Alimweleza kama alivyonieleza mimi, nikaelewa hata mimi niliyeishia darasa la sita: sukari ikishuka, mwili hutoa homoni za kushtua, ndizo zinazoleta jasho na mtetemeko. Ukishtuliwa kila siku, unazitoa kidogo na kwa kuchelewa. Hatari inabaki, kelele zinakwisha. Dawa yake ni kuzuia sukari isishuke hata mara moja, wiki kadhaa, huenda mwili ukakumbuka.

Chizuru alibishana na daktari mpaka dozi ikapunguzwa. Fundi aliweka wembe chini, akabaki na mkasi tu, na kufunga duka kila saa sita ale kwanza. Alidhani kazi yake ya wembe imekwisha, akaacha hata kuwasalimia wateja wake njiani.

Wiki ya sita alikuja wodini kwa miguu yake, jasho usoni, akanyoosha mkono mbele ya manesi wote. Ulikuwa unatetemeka. Sukari sitini na sita: imeshuka kidogo tu, na mwili umeshapiga kelele. Walimnywesha maji ya matunda, na binti yangu, ambaye hakulia siku ya supu, alilia.

Jumatano iliyofuata Fundi alipimwa, akala, akarudishiwa wembe wake na Chizuru mwenyewe.

Chizuru, wodi inakushukuru, na jikoni tunakushukuru zaidi. Nenda ukapumzike, mwanangu, uwe na afya na siku ndefu. Wapo watu mjini humu wanaotetemeka kwa wakati unaofaa kwa sababu yako.