Aliyepishwa Kwenye Benchi

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Kwanza niwataje waliokuwepo siku ile, msije mkadhani niliota. Alikuwepo Mwalimu Asienzo wa darasa la kwanza. Alikuwepo mwalimu mkuu, amesimama mlangoni. Alikuwepo Mama Halima, muuza mandazi wa chini ya dirisha. Walikuwepo watoto wa darasa, na mimi Candiru, na mdogo wangu Ayikoru. Na mwingine mmoja, ambaye hakuna aliyemwona.

Mnavijua vita vya sabini na tisa vilivyotutoa Arua. Baba alituishia kando ya njia, baada ya kupita mji wa Koboko. Tukamfukia haraka, tukaendelea kukimbia. Mama alimzaa Ayikoru ng'ambo, Sudani, naye Mama hakukaa sana, akafariki. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule, nikalea wadogo zangu. Tuliporudi Oli, mtaa wetu pale Arua, niliweka nadhiri moja: huyu wa mwisho atasoma!

Lakini darasani Ayikoru alikuwa na hasira za ajabu. Akinyang'anywa kalamu, akikosea herufi, anajitupa chini, anapiga mateke, anauma. Hayo watoto wengi huyafanya. La kutisha ni lililotangulia. Kila mara alisogea kwanza kwenye benchi, kama anayempisha mtu akae. Kisha akapaza sauti nyembamba, ndefu. Inapanda, inakatika, inashuka polepole. Ndugu zangu, ulikuwa mwito wa Baba!

Kwetu Walugbara mwanamume ana mwito wake, tunauita cere. Huupiga akikaribia nyumbani, watu wajue nani anakuja, na wa nyumbani humjibu. Mwito wa mtu haupigwi ovyo na mwingine. Ayikoru aliusikia wapi? Baba alikufa yeye akiwa bado tumboni! Nami sikuwahi kuuiga hata kwa kunong'ona.

Majirani walinionya: anayemjibu marehemu humfuata. Basi mwito ukija, sikuujibu. Tuliomba, tukafunga, mwito ukarudi. Watoto wakakataa kuketi naye. Mwalimu mkuu akaniita: "Dada, ikitokea tena, umchukue, asirudi."

Siku ile niliyowatajia, nikaketi nyuma ya darasa. Jua lilikuwa juu. Mtoto mmoja akamcheka: "Herufi ya Ayikoru imelala kama mbuzi mgonjwa!" Kuku waliokuwa nje wakanyamaza. Ayikoru akasogea kwenye benchi. Akaita.

Mwalimu mkuu aliingia akamshika, akaumwa mkono.

"Mwache, mzee," Mwalimu Asienzo akasema. "Ukimshika anazidi." Akaketi sakafuni, si karibu sana, mikono mapajani. "Ayikoru, umekasirika. Mimi niko hapa. Siendi popote."

Mtoto akaita tena. Hapo Mama Halima akachungulia dirishani. "Candiru! Wewe iko naogopa nini? Mutu naita, mutu ya nyumbani najibu. Jibu yeye!"

Nikalia moyoni: Yesu, wewe uliye Bwana wa walio hai na wa waliokufa, nishike! Nikafungua kinywa, nikajibu kama Mama alivyokuwa akijibu kutoka jikoni: "Tupo! Njoo, moto unawaka!"

Mlango ukajisukuma, ukajifunga taratibu. Hapakuwa na upepo. Ayikoru akaacha mateke. Akatazama pale alipompisha mtu, akasema, "Amekaa." Kisha akatambaa hadi mapajani mwa mwalimu, akasinzia.

Hasira hazikuisha mara moja, nisiwadanganye. Lakini mwalimu alimfundisha: ukihisi joto linapanda kifuani, weka mikono yote miwili juu ya meza. Akiiweka, watoto wale wale waliomkimbia wanamjibu kwa sauti ya chini, "Tupo." Naye anavuta pumzi, anaokota kalamu. Mwito haukurudi. Leo ananisomea Zaburi, mimi niliyeachia masomo njiani. Asante Yesu!

Wewe uliyefungia jambo la kuogofya ndani ya nyumba yako, lilete mbele za Bwana. Hatalikimbia. Mwamini!

Ila niombeeni, ndugu zangu. Baba alijibiwa Arua, lakini pale kando ya njia tulipomfukia hakuna wa nyumbani aliyefika kumwambia, "Tupo, njoo". Nimefika Koboko mara nyingi, nikageuka. Deni hilo ni la mkubwa, ni langu. Na Jumapili iliyopita, humu humu kanisani, Ayikoru aliniuliza kwa nini nasogea kwenye benchi.

Sikujua kama nasogea.